Annie Moore wawili: kisa cha mhamiaji wa kwanza wa Ellis Island, alivyopotea na alivyopatikana

Ijumaa ya tarehe 1 Januari 1892, serikali ya Marekani ilifungua kituo kipya cha kupokea wahamiaji kwenye kisiwa cha Ellis, bandarini New York. Aliyetangulia kupita mbele ya makarani alikuwa msichana kutoka Cork, Ireland, jina lake Annie Moore, akiwa na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Meli yao, Nevada, iliondoka Queenstown (mji unaoitwa Cobh siku hizi) tarehe 20 Desemba, ikafika New York jioni ya tarehe 31, muda wa kushusha abiria wa daraja la chini ukiwa umeshapita. Asubuhi Annie alikabidhiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10, na waandishi wa magazeti wakanukuu jina lake. Kisha watoto wale watatu wakaenda kwa wazazi wao, Matthew na Julia, waliotangulia Marekani mwaka 1888 na kupanga nyumba namba 32, Mtaa wa Monroe, Manhattan.

Kituo kilipofungwa mwaka 1954, watu wapatao milioni 12 walikuwa wameshapitia hapo. Ndipo Annie akawa nembo yao wote. Mwaka 1993 alichongewa sanamu mbili, moja Cobh na nyingine palepale Ellis Island. Lakini kwa miaka mingi maisha yaliyosimuliwa chini ya jina lake hayakuwa yake. Yalikuwa ya Annie Moore mwingine, aliyeishi na kufa upande wa pili wa nchi.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kipande kwa kipande, kwa sababu kosa lililofanyika hapa ndilo linaloharibu shajara nyingi za ukoo: mtu anaunganishwa na mtu kwa kuwa majina yamelingana. Na njia iliyotumika kulirekebisha haihitaji mtaalamu. Yeyote mwenye subira, daftari na intaneti anaweza kuifuata kwa babu yake mwenyewe.

Hadithi ya Texas

Ilivyosimuliwa ni kwamba Annie hakukaa New York. Alielekea magharibi, akaolewa na mwanamume wa ukoo wa Daniel O'Connell, mwanasiasa mashuhuri wa Ireland, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akagongwa na tramu karibu na Fort Worth, Texas, akafa. Hadithi hii ina kila kitu ambacho watu hupenda kusikia: safari ndefu, ndoa ya heshima, kifo cha ghafla. Jamaa wa mwanamke huyo waliiamini kwa dhati. Hawakuwa waongo. Katika familia mama alikuwa Annie Moore, asili yake Ireland, umri wake haukuwa mbali na wa yule wa melini, na mtu aliposikia habari za msichana wa kwanza wa Ellis Island ilikuwa rahisi kusema "huyo ni mama yetu." Kauli ya namna hiyo ikirudiwa na vizazi viwili huwa ushahidi machoni pa kila anayeisikia.

Iliyoiangusha ni safu moja ya sensa. Karani wa sensa ya Marekani alimwuliza kila mtu alizaliwa jimbo gani au nchi gani, na tangu 1880 akaongeza: baba yako alizaliwa wapi, mama yako alizaliwa wapi. Megan Smolenyak, mtafiti wa nasaba, alipofuatilia nyaraka za Annie wa Texas alikuta alizaliwa Illinois, jimbo la Marekani kwenyewe. Mtu aliyezaliwa Illinois hashuki Ellis Island mwaka 1892 kama mhamiaji kutoka Cork.

Hapa pana jambo la kushika. Karatasi moja ya sensa haitoshi kumkana mtu. Karani alipokuta nyumba haina mtu aliweza kumwuliza jirani, na jirani akajibu kwa kukisia. Ni sensa ya 1940 pekee inayoonyesha, kwa alama ya X ndani ya duara, ni nani ndani ya nyumba aliyetoa majibu. Kwa hiyo hutazami mwaka mmoja. Unachukua sensa zote ambazo mtu huyo alikuwa hai, unapanga safu ya mahali pa kuzaliwa kwa kila mwaka, unaongeza cheti cha ndoa na cha kifo, kisha unajiuliza kila jibu lilitoka kinywani mwa nani na kama mtu huyo alikuwa na njia ya kujua. Mwanamke anayejibu mwenyewe mara tatu katika miaka 30 kwamba alizaliwa Illinois ana uzito kuliko simulizi iliyoanza baada ya kufa kwake.

Kwa nini wa kweli hakuonekana

Ukishamwondoa wa uongo hujampata wa kweli. Annie wa Cork alikuwa amefichwa na mapengo mawili, na pengo la kwanza ni la nyaraka zenyewe.

Wazazi wake waliingia Marekani mwaka 1888, kwa hiyo walipaswa kuwamo kwenye sensa ya 1890. Sensa hiyo iliharibiwa na moto uliozuka Washington tarehe 10 Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara. Kati ya watu karibu milioni 63 waliohesabiwa, yamebaki majina 6,160 tu. Jimbo la New York lilifanya sensa yake mwaka 1892, lakini madaftari ya Manhattan hayapo. Upande wa Ireland hali ni hiyohiyo: sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote katika moto wa Dublin wa Juni 1922, na zile za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe. Sensa za kwanza kubaki kamili ni za 1901 na 1911, na wakati huo akina Moore walikuwa wameshaondoka.

Kwa mtafiti hii ina maana kwamba tangu 1888 hadi 1900 kuna shimo la miaka 12, na shimo hilo limeangukia palepale ambapo msichana anawasili, anakua na kuolewa. Anapoonekana tena mwaka 1900 ana jina lingine.

Shimo kama hilo halizibwi kwa kukisia. Manhattan ina sensa ya polisi ya mwaka 1890, iliyofanywa kwa sababu jiji liliona hesabu ya serikali kuu imewapunja. Madaftari yake mengi yamesalia. Ili kuitumia ni lazima uwe na anwani, maana imepangwa kwa wilaya za uchaguzi, na karani alipita nyumba hadi nyumba. Kuna pia vitabu vya anwani za jiji vilivyochapishwa kila mwaka vikitaja mkuu wa kaya, kazi yake na mtaa wake. Matthew Moore katika jiji kama New York si mmoja, ni wengi, lakini Matthew Moore wa 32 Monroe ni mmoja tu. Anwani hiyo ilitoka magazetini, na thamani yake ni kubwa kuliko ile ya sarafu ya dhahabu: inakupa parokia, inakupa mtaa wa kusaka ubatizo na ndoa, inakupa majirani.

Kwa Ireland, vizazi vimeandikishwa kiserikali tangu 1 Januari 1864, na picha za rejista za zamani zinatazamwa bure kwenye tovuti ya serikali. Rejista za parokia za Kikatoliki nazo zimewekwa bure na Maktaba ya Taifa ya Ireland tangu 2015. Wanaoanza hukosea hapa kwa kuandika "Annie Moore, Cork" na kuchukua jibu la kwanza. Moore ni jina la kawaida mno, na Annie anaweza kuwa ameandikwa Ann, Anna au Hannah. Usimtafute mtu mmoja, tafuta kaya nzima. Annie akiwa peke yake ni punje ya mchanga. Ila Annie, Anthony na Philip, baba Matthew, mama Julia, wote watano pamoja ni familia moja. Rejista ya kizazi ya Ireland humtaja mama kwa jina la ukoo wake kabla ya kuolewa, kwa hiyo ukishapata vizazi vya watoto watatu vyenye mama yuleyule, kaya imefungika.

Orodha ya abiria, na kile isichokuambia

Watu wengi hudhani kwamba orodha ya abiria ya Ellis Island ina kila kitu. Inategemea mwaka. Fomu ya wakati wa Annie ilikuwa fupi: jina, umri, jinsia, kazi, nchi, anakokwenda, idadi ya mizigo na sehemu aliyolala melini. Sheria ya 1893 iliongeza safu nyingi, zikiwemo nani amelipa nauli na ndugu gani anafuatwa. Jina na anwani ya ndugu aliyebaki nyumbani, pamoja na mahali pa kuzaliwa, vilikuja baadaye zaidi, miaka ya 1906 na 1907. Kwa hiyo aliyefika 1892 hakuachii kijiji. Aliyefika 1910 anakuachia kijiji na jina la ndugu aliyebaki nyumbani. Kabla ya kukata tamaa juu ya babu mmoja, angalia kama ana mdogo wake aliyemfuata baada ya 1907. Karatasi ya mdogo inaweza kusema yote ambayo ya mkubwa ilinyamazia.

Kuna imani kwamba makarani wa Ellis Island waliwabadilisha watu majina. Imani hii inapoteza muda wa watu wengi. Orodha ilitayarishwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia, na karani wa kituo alikuwa akihakiki kilichokwisha kuandikwa. Mabadiliko ya jina hutokea baadaye, kazini, shuleni na mahakamani, wakati mhamiaji mwenyewe anapochagua namna ya kujitaja. Kwa hiyo jina la melini ndilo karibu zaidi na la nyumbani, na kazi yako ni kutafuta lilibadilika lini kati ya kushuka melini na kupata uraia.

Tanbihi ya kiufundi: orodha za New York zimegawanywa katika mikusanyo miwili, moja inaishia Juni 1897 na nyingine inaanzia hapo. Ellis Island ilifunguliwa 1892, kwa hiyo miaka mitano ya kwanza imo kwenye mkusanyo wa zamani, pamoja na ile ya Castle Garden, kituo kilichopokea wahamiaji New York kabla ya Ellis Island. Ukitafuta kwenye mkusanyo wa pili tu, Annie hayumo, na utadhani hakusafiri. Moto wa Juni 1897 uliunguza majengo ya mbao ya kituo, lakini orodha za abiria za forodha, zilizohifadhiwa kwingine, zilisalimika.

Mtafute kaka

Pengo la pili ndilo kubwa: Annie alikuwa mwanamke. Sisi tuliozoea majina ya kwetu tunaweza kulisahau hili. Mwanamke wa pwani ya Afrika Mashariki huolewa na kubaki binti wa baba yake. Jina lake na la baba na la babu vinaendelea kuonekana kwenye hati ya ndoa, ya mirathi, ya shamba. Katika New York ya mwaka 1900, siku ya harusi ilifuta jina la ukoo. Ukiendelea kutafuta "Annie Moore" baada ya hapo utawapata wengi, na kila mmoja atakuwa si yeye. Ndivyo yule wa Texas alivyopenya.

Juu ya hilo kulikuwa na sheria. Tangu 1855 hadi Septemba 1922 mwanamke mgeni aliyeolewa na raia alipata uraia kupitia mumewe, bila jalada lake mwenyewe. Hakuapa, hakuleta mashahidi, hakuandika alifika na meli gani. Wanaume walioandika ni baba yake, kaka zake na mumewe.

Mwaka 2006 Smolenyak alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeleta uthibitisho wa Annie wa kweli. Watafiti wengi waliingia kazini kwa pamoja, akiwemo Brian Andersson, aliyekuwa kamishna wa nyaraka wa jiji la New York. Kilichofungua mlango kilikuwa hati ya uraia ya Philip, yule mdogo wake aliyesafiri naye. Ndani ya wiki chache baada ya tangazo, miaka mingi ya kumtafuta Annie ilikuwa imemalizwa na karatasi ya kaka yake. Kutoka kwa Philip walishuka kizazi kwa kizazi hadi kwa jamaa walio hai, kisha wakarudi juu upande wa dada.

Hati za uraia za New York zinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo wengi hukwama. Kabla ya tarehe 27 Septemba 1906 mhamiaji aliweza kuomba uraia katika mahakama yoyote, ya jiji, ya jimbo au ya serikali kuu, na hapakuwa na fomu moja. Karatasi nyingi za kipindi hicho hutaja nchi, tarehe na shahidi, basi. Usimpuuze shahidi huyo: mara nyingi ni ndugu, shemeji au jirani, na anwani yake imeandikwa. Baada ya tarehe hiyo fomu ikawa moja nchini kote, nakala ikapelekwa serikali kuu, na taarifa zikawa nyingi zaidi: mahali pa kuzaliwa, tarehe ya kufika, meli. Kwa jiji la New York kuna fahirisi ya pamoja ya kadi za mahakama zote tangu 1792 hadi 1906, iliyopangwa kwa mfumo wa Soundex, unaoweka pamoja majina yenye sauti zinazokaribiana.

Mfumo huo unastahili kujifunza, ni kazi ya dakika kumi. Herufi ya kwanza ya jina hubaki. Irabu huachwa, pamoja na h, w na y. Konsonanti zilizobaki hupewa tarakimu kwa kufuata ukaribu wa sauti, na zinazofuatana zenye tarakimu moja huhesabiwa mara moja. Unamaliza ukiwa na herufi moja na tarakimu tatu, sifuri zikijaza nafasi. Moore ni M600. Lakini M600 ni pia Moor, Muir, Mohr na Maher, kwa hiyo kadi zote hizo zimechanganywa katika droo moja na zimepangwa kwa jina la kwanza. Ndiyo maana Philip ni rahisi kuliko John: kina Philip wenye M600 ni wachache. Kati ya ndugu, anza na mwenye jina la nadra.

Mfumo una udhaifu mmoja mkubwa. Karani akikosea herufi ya kwanza, kadi inahamia droo nyingine kabisa na Soundex haitakusaidia. Hapo unarudi kwenye anwani, au unatafuta kwa majina ya kwanza ya kaya nzima bila jina la ukoo. Pia kumbuka kwamba mtoto ambaye baba yake alipata uraia kabla yeye hajatimiza miaka 21 aliupata papo hapo, na anaweza kukosa jalada lake. Ukimkosa Philip, ungemtafuta Matthew.

Ukikosa uraia kabisa, jaribu uandikishaji wa jeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ule wa tarehe 12 Septemba 1918 uliwataka karibu wanaume wote wa miaka 18 hadi 45 waliokuwa bado hawajaandikishwa, wageni kwa wenyeji. Mvulana aliyekuwa na miaka 12 alipofika Desemba 1891 alikuwa bado hajatimiza 40 siku hiyo. Kadi ina tarehe kamili ya kuzaliwa, anwani, kazi, na jina la ndugu wa karibu.

Maisha aliyoishi kweli

Annie hakwenda magharibi. Alibaki Manhattan ya kusini, mitaa michache kutoka mahali alipofikia siku ya kwanza. Aliolewa na Joseph Augustus Schayer, mtoto wa wahamiaji Wakatoliki kutoka Ujerumani, aliyefanya kazi kwenye soko la samaki la Fulton. Alizaa watoto wasiopungua 11. Watano ndio waliofika utu uzima. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 6 Desemba 1924, akiwa na miaka 50, akazikwa kwenye makaburi ya Calvary, Queens, bila jiwe. Kaburi lilitambuliwa mwaka 2006, na Oktoba 2008 likawekewa msalaba wa Kiselti uliochongwa kwa jiwe la chokaa la buluu kutoka Ireland.

Tusiipite haraka hesabu ya watoto. Sensa za 1900 na 1910 zilimwuliza kila mwanamke aliyeolewa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ni safu mbili za tarakimu, na kati yake kuna maisha mazima. Mama anapoandikiwa, tuseme, 8 na 3, umeambiwa kuna vyeti vitano vya vifo vya kutafuta, na kila cheti kina anwani, tarehe, sababu ya kifo na makaburi. Kwa familia iliyohamahama vyumba vya kupanga, vifo vya watoto ndivyo ramani sahihi kuliko zote. Tunajua ni kazi ngumu moyoni. Lakini watoto hao nao ni wa ukoo, na wasipotafutwa hapa hawaandikwi popote tena.

Vyeti vya New York vya miaka hiyo viko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji, na tangu 2022 mamilioni yake yanatazamwa bure mtandaoni. Agiza au tazama picha ya cheti chenyewe, usitosheke na fahirisi, maana fahirisi haina majina ya wazazi. Cheti cha kifo kisome kwa mawazo mawili: tarehe, sababu na mahali ni taarifa za daktari, zina nguvu; umri, nchi na majina ya wazazi wa marehemu ni taarifa za aliyeripoti, mara nyingi mtu aliyefiwa usiku huo na asiyewahi kuwaona wazazi hao.

Calvary imezika watu zaidi ya milioni 3, kwa hiyo kwenda pale ukitembea na kusoma mawe ni kazi bure, hasa kwa aliyezikwa bila jiwe. Makaburi hufanya kazi kwa vitabu. Unatoa jina na tarehe ya mazishi kutoka kwenye cheti, unapewa sehemu, safu na namba ya kaburi. Kisha uliza swali la pili, lile ambalo wengi hulisahau: nani mwingine amelala kwenye kaburi hilo, na nani alilinunua. Familia maskini zilizika juu kwa juu, na orodha ya kaburi moja inaweza kukupa bibi, shemeji na watoto wachanga kwa mpigo.

Kisha kuna suala la kuthibitisha. Kumpata Annie Schayer wa Manhattan aliyezaliwa Ireland bado hakukuwa kumpata yule wa Nevada. Lililofunga kesi ni mkusanyiko: wazazi wenye majina yaleyale, kaka wenye majina yaleyale, mtaa uleule, umri unaolingana na rejista ya Cork, na kutokuwepo kwa kaya nyingine yenye mchanganyiko huo. Hili la mwisho huachwa na wengi. Ukiona mtu anayefaa, mtafute pia mshindani wake: kuna Annie mwingine mwenye kaka Anthony na Philip? Ukikosa kabisa, hapo ndipo unaandika kwa wino.

Vipimo vya vinasaba havikuhitajika hapa. Leo vingeongeza nguvu, kwa mpaka wake: vitukuu wa Annie na vitukuu wa Philip wako mbali kiasi kwamba takriban 1 kati ya 10 wa uhusiano huo haonyeshi kulingana kokote kwenye kipimo. Wapime watatu au wanne kutoka matawi tofauti, na waanze wazee.

Tarehe 1 Januari

Limebaki jambo la umri. Magazeti ya 1892 yalisema Annie ana miaka 15, na masimulizi mengi yaliongeza kwamba siku ile ya Mwaka Mpya ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Rejista za Cork zinaonyesha alizaliwa 1874. Piga hesabu: aliyezaliwa 1874 na bado ana miaka 17 tarehe 1 Januari 1892 hawezi kuwa alizaliwa tarehe hiyo. Aliyekuwa anamtafuta msichana wa 1877 alipita juu ya jina lake kwenye rejista bila kulitambua. Katika utafiti wa wahamiaji wa karne ile, umri wa melini uchukulie kama kadirio, na upanue utafutaji miaka mitatu mbele na mitatu nyuma.

Wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani watakuwa wameshatambua tarehe hiyo. Familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia zilizopitia kambi za wakimbizi zimeingia huko na vitambulisho vinavyosema 1 Januari, kwa sababu tarehe ya kweli haikujulikana au haikuandikwa, na mwenye fomu akajaza siku ya kwanza ya mwaka. Miaka mia ijayo vitukuu watakaotafuta watakuta baba, mama na shangazi wote wamezaliwa siku moja.

Tena watakuta jambo ambalo halikuwasumbua waliomtafuta Annie. Watoto wa Moore wote waliitwa Moore. Kwetu ndugu wa tumbo moja, hasa Warundi, Wanyarwanda na Wakongomani wengi, kila mmoja ana jina lake, na hakuna jina la ukoo la pamoja. Kwa wenye majina matatu ya mtoto, baba na babu, fomu ya Marekani huchukua la mwisho na kulifanya la ukoo, la kati linabaki herufi moja, kisha linapotea. Mashine ya kutafuta haitajua kwamba hawa ni ndugu.

Kwa hiyo kazi ifanyike sasa, wakati wenyewe wako hai. Mhusika anaweza kuomba nakala ya jalada lake la uhamiaji kwa namba yake inayoanza na herufi A. Humo mna fomu zinazotaja wazazi na ndugu pamoja. Kadi za mgawo za kambini, vyeti vya ubatizo au vya chuo, na barua za kusafiria zipigwe picha pande zote mbili. Halafu, kwenye daftari, kila penye 1 Januari iandikwe kando yake ile ambayo mama anaikumbuka: masika au kiangazi, wakati wa kupanda au wa kuvuna, kabla au baada ya kuhama kijiji kile, nani mwingine alizaliwa wiki hiyo na nani alikuwa mkunga. Pawepo jina la kijiji kama wenyeji wanavyolitamka, tarafa, kabila la mama na la baba, na jina la anayesema hayo, na tarehe aliyoyasema.